Simu za Transsion: mwili wake, roho ya Google

Kabati la mbele la duka la simu Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, halikosi majina matatu: Tecno, Infinix na itel. Wanunuzi huyashindanisha kana kwamba ni Simba na Yanga, na wauzaji hawana haraka ya kuwaambia kuwa yote matatu yana mwenyewe mmoja, Transsion ya Shenzhen, China. itel inakaa chini kwa bei, Tecno inatanda kutoka chini hadi juu, Infinix inawawinda vijana wa gemu. Chipu zinafanana, betri zinafanana, na ukiharibikiwa unapelekwa kituo kilekile cha Carlcare. Kinachozitenga simu hizi, na kinachoamua kama itakuhudumia miaka miwili au minne, ni mfumo endeshi uliomo ndani, yaani programu kuu inayoiendesha simu. Kwa hiyo kamera na rangi ya mfuniko hazitapata nafasi kubwa hapa.

Kampuni hii ilianzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, aliyetoka kampuni ya simu ya Ningbo Bird, na kufikia 2008 ilikuwa imeamua kuelekeza nguvu zake Afrika. Mwaka 2011 ilifungua kiwanda Ethiopia. Mwaka huohuo, mwezi Februari, Nokia, mfalme wa soko letu wakati ule, ilitangaza kuuacha Symbian, mfumo wa simu zake, na kuhamia Windows Phone ya Microsoft. Uamuzi ule ulikuwa na hoja zake mezani Ulaya, lakini huku kwetu uliacha pengo. Mtu mwenye Nokia ya Symbian aliambiwa kwamba mfumo wake hauna kesho, na huo mpya haukuwa na programu wala simu za bei anayoiweza. Nokia ilichelewa pia kuleta simu za laini mbili, wakati kila mtu alikuwa na laini ya mtandao mmoja kwa ajili ya ndugu na ya mwingine kwa ajili ya bei. Tecno ilikuja na laini mbili, chaji ya siku kadhaa, spika inayosikika barabarani na kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Kufikia 2018 Transsion ilikuwa inauza simu takriban milioni 124 kwa mwaka duniani, na karibu nusu ya simu zote zilizouzwa Afrika zilikuwa zake.

Takwimu za karibuni zinaonyesha kampuni imekua na kuwa pana. Kwa hesabu za IDC, kampuni ya utafiti wa soko, mwaka 2024 Transsion iliuza simu janja milioni 106.9 na kushika nafasi ya nne duniani, nyuma ya Apple, Samsung na Xiaomi. Ukijumlisha na simu za vitufe, jumla inafika takriban milioni 200. Watu wengi hawaitilii maanani hesabu hiyo: karibu nusu ya simu anazouza mtengenezaji huyu bado ni vitochi. Kampuni yenye wateja wa aina hiyo haiwezi kuwa na mfumo mmoja. Inayo minne, na kila mmoja una tabia yake.

Kitochi chenyewe

Simu ya vitufe ya itel au Tecno ya bei ya chini kabisa haina Android ya aina yoyote. Ndani kuna chipu ndogo, mara nyingi ya Unisoc, yenye mfumo mwepesi uliochomwa kiwandani pamoja na kitabu cha namba, redio, tochi na nyoka. Huwezi kuongeza programu, na hapo ndipo raha yake ilipo: hakuna cha kusasisha, hakuna cha kujaa. M-Pesa ya Tanzania inafanya kazi kupitia *150*00# kwa sababu USSD, yaani huduma za namba kama hiyo, inapita kwenye mtandao wa simu wenyewe, haihitaji intaneti. Kwa mzee wa kijijini, bodaboda anayetaka simu ya pili, au duka linalopokea malipo kwa ujumbe tu, hii bado ndiyo simu bora anayoiuza Transsion.

Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, vitochi vingi vya bei ya chini ni vya 2G peke yake, na eneo ambalo 2G ni dhaifu simu itaonyesha mnara halafu ikate katikati ya maongezi. Kijaribu kwa laini yako, si ya muuzaji, na mahali unapokaa kama inawezekana. Pili ni betri. Vitochi vingi vina betri ya kutoa, na betri ya kutoa huibiwa jina kirahisi: karatasi inaandika 2500 mAh, ndani kuna nusu yake. Betri halisi huwa na uzito; ukishika mbili mkononi, ile nyepesi kama kiberiti iache.

KaiOS, njia iliyofungwa

Kati ya kitochi na simu janja kulikuwa na jaribio lililowapa watu matumaini makubwa. KaiOS ulizaliwa kutoka kwenye mabaki ya Firefox OS ya Mozilla, ukatengenezwa kwa ajili ya simu za vitufe zenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya megabaiti 256 au 512, na mwaka 2018 Google iliwekeza humo dola milioni 22. WhatsApp ilipopatikana kwa upana kwenye mfumo huo Julai 2019, ilionekana kama jibu limepatikana: simu ya vitufe, ya bei ndogo, yenye WhatsApp. Tecno ilitoa T901. Vodacom Tanzania ikaleta Smart Kitochi yenye mfumo huohuo.

Leo hii usinunue. WhatsApp iliondolewa kwenye duka la KaiOS Juni 2024, na waliokuwa nayo tayari walifungiwa mwanzoni mwa 2025. Bila WhatsApp, simu ya KaiOS ni kitochi kizito kinachokula chaji zaidi ya kitochi cha kawaida. Bado utazikuta kwenye meza za mitumba, na muuzaji atakuonyesha alama ya kijani kwenye skrini. Mwambie aifungue.

Kushindwa kwa KaiOS hakukutokana na vitufe. Mfumo endeshi mdogo unaishi kwa hisani ya programu mbili tatu kubwa, na siku mwenye programu akiona gharama ya kuutunza haimlipi, mfumo mzima unakufa hata kama simu zenyewe ni nzima. Transsion haikuumia sana kwa sababu haikuuweka moyo wake wote hapo. Ni tabia yake: hujaribu kila mlango, lakini hailali nje ya mlango wa Google.

Android Go: mahali pesa nyingi za wanunuzi zinapopotea

Mfululizo wa Tecno Pop na Spark Go, Infinix Smart, na itel A zote zimekuwa zikitumia Android Go kwa miaka mingi. Huu ni Android halisi uliopunguzwa uzito na Google kwa ajili ya simu dhaifu. Ulianza na Android 8.1 kwa simu za RAM ya 1GB, na kufikia Android 13 kiwango cha chini kilipanda hadi RAM ya 2GB na hifadhi ya 16GB. Tecno Spark Go 2024, kwa mfano, ilitoka na Android 13 Go juu ya chipu ya Unisoc T606 na betri ya 5000 mAh. Itel A70 ilitoka na mfumo huohuo na chipu ya T603.

Sifa yake ya kweli ni kwamba unaacha nafasi zaidi ya RAM kwa programu yako. Simu ya 2GB ya Android kamili ni mateso. Ya 2GB ya Go inavumilika kwa WhatsApp, Facebook Lite na M-Pesa, moja baada ya nyingine.

Lakini kuna vitu muuzaji hatavitaja. Tangu Android 10, simu za Go haziruhusu programu kujichora juu ya programu nyingine. Ndiyo maana viputo vya Messenger havielei, baadhi ya programu za kurekodi skrini hazionyeshi kitufe chao, na programu za kutambua mpigaji asiyejulikana haziwezi kukuwekea dirisha wakati simu inaita. Mtu hurudisha simu dukani akidhani ni mbovu, fundi anaiflashi, inarudi vilevile. Sio ubovu. Ni sheria ya mfumo, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha.

Jambo la pili ni kusasishwa. Simu ya Go ya bei ya chini mara nyingi hufa na toleo la Android ililozaliwa nalo. Ukinunua ya Android 13 Go leo dukani, panga maisha yako ukijua ni Android 13 hadi mwisho. Afueni ni kwamba kuanzia toleo hilo sehemu fulani za mfumo husasishwa kupitia Google Play. Nenda Mipangilio, kisha Usalama, utafute masasisho ya mfumo wa Google Play, uyapakue ukiwa na waifai.

Hiyo RAM ya kwenye boksi

Hapa inabidi kusimama, maana ndipo malalamiko mengi ya “simu mpya inaganda” yanapozaliwa. Boksi limeandikwa 8GB kwa herufi kubwa. Pembeni, kwa herufi ndogo, kuna 4+4. Nne za kwanza ni RAM ya kweli. Nne za pili ni kipande cha hifadhi kinachoazimwa, na Tecno hukiita MemFusion. Infinix na itel nazo zina chao.

Kipande hicho hakiwezi kufanya kazi ya RAM. Simu za bei hii hutumia hifadhi ya eMMC 5.1, ambayo hata kwa nadharia kikomo chake ni megabaiti 400 kwa sekunde, na katika kazi ya kuandika vipande vidogovidogo hushuka mbali sana chini ya hapo. RAM ya kweli inahesabiwa kwa gigabaiti kwa sekunde. Kwa hiyo programu iliyosukumwa kwenye RAM ya kuazima haijafungwa, lakini kuirudisha kunachukua muda, na wakati huo simu yote inasubiri. Mbaya zaidi, seli za hifadhi zina idadi ya mara zinazoweza kuandikwa. Kuzigeuza RAM ni kuzichosha kabla ya wakati, na hifadhi ikichoka simu inaganda hata ikiwa tupu.

Ukiwa na simu ya 3GB au 4GB yenye hifadhi ya 64GB, fungua Mipangilio, andika MemFusion kwenye kisanduku cha kutafutia, izime au iteremshe hadi kiwango cha chini kabisa, uwashe simu upya. Utarudishiwa gigabaiti zako, na kwa matumizi ya WhatsApp na simu za kawaida tofauti ya kasi ama haitaonekana ama itakuwa nzuri. Iache ikiwa imewashwa tu pale simu inapokuwa na 2GB na programu zinajifunga zenyewe ukizipa kisogo. Na kwa vyovyote vile usiijaze hifadhi. Acha angalau sehemu moja ya saba iwe wazi. Picha za magrupu ya WhatsApp ndizo zinazoua simu hizi, kuliko virusi vyote ukivijumlisha.

Unapolinganisha bei, soma namba ya kwanza tu. Simu ya “16GB” yenye 8+8 ni ya 8GB. Ya “8GB” yenye 4+4 ni ya 4GB, na inashindana na simu nyingine yoyote ya 4GB, hata kama hiyo nyingine imeandikwa 4 kwa uaminifu.

HiOS na XOS

Ukipanda hadi Spark za kawaida, Camon, Infinix Hot na Note, unakuta Android kamili iliyovalishwa ganda la kampuni: HiOS kwa Tecno, XOS kwa Infinix. Ukiondoa rangi na majina, maganda haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Kikazi yamekuwa mazuri. Kurekodi simu, kugawanya WhatsApp mbili kwa laini mbili, kufunga programu kwa alama ya kidole, kuhamisha mafaili bila intaneti: vyote vimo humo bila kupakua kitu. Kwa chipu kama Helio G99, iliyomo kwenye Spark 20 Pro, ganda linakwenda bila kusuasua, na huo ndio mstari wa kuchora. Chini ya hapo, kwa chipu za cores (viini vya kazi) ndogo tupu kama Unisoc SC9863A au Helio G36, ganda linakuwa mzigo. Tafuta jina la chipu kabla ya kutoa pesa. T606, zenye cores mbili kubwa, ndiyo sakafu ya kukubalika.

Tatizo la HiOS na XOS ni biashara iliyofichwa ndani yake. Simu inakuja na duka la pili la programu, Palm Store, kivinjari cha Phoenix, folda zinazopendekeza gemu, na jarida la picha kwenye skrini ya kufungia. Kila kimoja kinatuma arifa, kila arifa inakula bando. Ukigawa faida ya kampuni ya 2024, takriban yuan bilioni 5.5, kwa simu milioni 200, unapata chini ya dola 4 kwa simu, na hapo zimo hata earphone za Oraimo, chapa yake nyingine. Kampuni inayobaki na kiasi hicho italitafuta tangazo hata chini ya uvungu. Kwa hiyo sehemu ya bei ya simu yako unailipa polepole, kwa macho yako na megabaiti zako.

Kusafisha kunachukua kama nusu saa. Anza na arifa: Mipangilio, Programu, Palm Store, Arifa, zima zote; rudia kwa Phoenix na kwa kila jina usilolitumia. Jarida la skrini ya kufungia linazimwa kwenye mipangilio ya mandhari au ya skrini hiyo. Kisha jaribu kusanidua. Kinachokataa kusanidua, kizime. Kinachokataa hata kuzimwa kinahitaji kompyuta. Kwenye Kuhusu simu gusa namba ya muundo mara 7 mpaka simu ikuambie umekuwa msanidi, washa utatuzi wa USB, unganisha waya, na kwenye kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu kupitia waya, andika:

adb shell pm uninstall --user 0 com.transsnet.store

Hiyo inaondoa Palm Store kwa mtumiaji wako bila kugusa mfumo, na haihitaji kuroot (kuvunja kufuli la mfumo). Ukirejesha simu kwenye hali ya kiwandani itarudi. Usiondoe kitu chochote chenye neno launcher (programu ya skrini ya mwanzo) ndani ya jina lake kabla hujaweka kingine cha kushika nafasi yake, la sivyo simu itawaka kwenye skrini nyeusi na safari inayofuata ni kwa fundi.

Suala la uaminifu lina historia. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba imekuta programu hasidi za Triada na xHelper zikiwa zimeingizwa kabla ya kuuzwa ndani ya simu za Tecno W2, katika nchi zikiwemo Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini. Zilikuwa zinajaribu kuwaandikisha watu huduma za kulipia bila wao kujua, na kurejesha hali ya kiwandani hakukuziondoa. Transsion ilisema lawama ni ya mchuuzi mmoja katika mnyororo wa ugavi. W2 ni simu ya zamani na ya bei ya chini, na haimaanishi kwamba kila Tecno ina mdudu. Maana yake ni kwamba simu inayopita mikono mingi kabla ya kufungwa boksi inahitaji kukaguliwa. Fungua Play Store, gusa picha yako, Mipangilio, Kuhusu, usome kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Kama hakijaidhinishwa, rudisha simu siku hiyohiyo.

Masasisho, donda lisilopona

Hapa ndipo Samsung imeibana Transsion pabaya. Oktoba 2024 Samsung ilitoa Galaxy A16 ikiwa na ahadi ya matoleo sita ya Android na miaka sita ya viraka vya usalama. Ni simu ya bei ya kati, si ya matajiri. Upande wa pili, Infinix ilipotoa Note 40 iliahidi matoleo mawili ya Android na miezi 36 ya viraka, na hiyo ilihesabika kuwa hatua kubwa kwa familia hii. Kwa Spark, Hot, Smart na itel A mara nyingi hakuna ahadi iliyoandikwa popote.

Ni kwa nini? Kila toleo jipya la Android linahitaji mtengenezaji wa chipu atoe viendeshi vyake kwanza, kisha kampuni ya simu ilipange upya ganda lake na kulijaribu kwa kila modeli. Transsion hutoa modeli nyingi mno kwa mwaka, nyingine zikitofautiana kwa jina na megapikseli tu, na kila moja ni mradi wake. Samsung imepunguza modeli za bei ya chini na kuzigawanya kwa makundi machache. Hivyo ahadi ndefu ni suala la nidhamu ya kiwandani kuliko ukarimu.

Kwa mtumiaji, madhara yanaonekana kwenye programu za benki. Hizo ndizo za kwanza kukataa Android ya zamani. Kabla ya kununua simu iliyokaa dukani, nenda Kuhusu simu, Toleo la Android, usome tarehe ya kiraka cha usalama. Kama kiraka kina zaidi ya mwaka mmoja na simu ikiunganishwa na waifai haipati kipya, hicho ndicho itakachobaki nacho.

Kwa nini hawatengenezi mfumo wao?

Swali hili huulizwa kila simu ya Huawei inapotajwa. Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya vikwazo, na simu zake mpya zikapoteza huduma za Google. Ikajenga HarmonyOS, na Oktoba 2024 toleo la NEXT likaacha kabisa kuendesha programu za Android. Huawei iliweza kwa sababu ina soko la China linaloishi bila Google tangu zamani. Transsion haiuzi simu zake China kwa kiwango cha kutajika. Wateja wake wako Afrika, Asia Kusini na Amerika ya Kusini, ambako simu bila YouTube na Play Store haiuziki, hata ukiishusha bei. Mfumo wake mwenyewe ungekuwa kujikata mguu.

Lakini kukaa kwa Google kuna ada yake. Google inapandisha viwango vya chini kila baada ya matoleo machache, na kila kikipanda, simu ya bei ya chini kabisa inapanda bei au inaondoka sokoni. Bei za chipu za memori zimepanda sana kuelekea mwisho wa 2025, na memori ni sehemu kubwa ya gharama ya simu ya bei ndogo. Kampuni inabanwa huku na huku: mfumo unadai RAM zaidi, RAM inapanda bei, mteja hana nyongeza.

Ishara ziko kwenye vitabu vyake. Mapato ya 2024 yalikuwa takriban yuan bilioni 68.7, rekodi. Nusu ya kwanza ya 2025 faida ikaporomoka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Xiaomi imeingia Afrika kwa nguvu na Redmi zenye bei zilezile, na Honor inafuata. Mwaka 2024 Qualcomm iliishtaki Transsion India kwa madai ya hataza. Kampuni iliyokua kwa bei ya chini sasa inatakiwa kulipia mambo iliyokuwa ikiyapita pembeni. Uwezo wa kiufundi inao, maana ndiyo iliyotoa simu ya kukunja Phantom V Fold mwaka 2023. Kuuza simu ya kukunja na kutunza milioni mia moja za bei ya chini kwa miaka minne ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo ngumu.

Mtazamo wetu ni huu: chini kabisa ya soko, kitochi na simu janja ya kwanza, hakuna atakayeing'oa Transsion karibuni, kwa sababu hakuna mwingine mwenye duka, kioo cha kubadilishia na fundi mpaka wilayani. Katikati, kwenye laki tatu na nne za Tanzania kwenda juu, tayari inapoteza hoja kwa mnunuzi anayejua kusoma ahadi ya masasisho.

Matengenezo na ununuzi

Dhamana ya Carlcare ndiyo silaha ambayo Xiaomi haijaifikia. Kwa simu nyingi ni miezi 12 na mmoja wa nyongeza, lakini betri na chaja huwa na muda mfupi zaidi, na kioo kilichopasuka au maji havimo. Weka risiti na boksi. Simu ikishafunguliwa na fundi wa mtaani, dhamana imekwisha, hata kama alichofanya ni kubadilisha mlango wa chaji. Baada ya dhamana hali inageuka: vipuri vya Tecno na Infinix vimejaa, kioo cha Spark unabadilishiwa ukisubiri. Omba kioo chenye fremu yake; kisicho na fremu ni rahisi lakini gundi ikiachia vumbi linaingia ndani.

Simu iliyotumika ikaguliwe kwa utaratibu huu. Piga *#06#, linganisha IMEI na boksi, na Tanzania uitume kwenda 15090 kuhakiki. Kenya ni 1555. Tanzania ilizizima simu bandia Juni 2016. Kisha fungua Mipangilio, Usalama, programu za usimamizi wa kifaa. Ukikuta kampuni ya mkopo imo, au skrini ya kufungia inasema kifaa kinasimamiwa na shirika, hiyo ni simu ya kulipia kidogokidogo ambayo deni lake halijaisha, na itajifunga ukiwa umeshalipa. Mwisho, muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, kisha mrejeshe simu kiwandani mkiwa wote wawili na kuiwasha hadi mwisho. Kwenye Android 15 ulinzi wa akaunti umekazwa zaidi, na njia za mkato za mafundi nyingi zimezibwa.

Kwa anayenunua mpya: kwa simu na M-Pesa peke yake, kitochi cha itel. Kwa WhatsApp na mitandao kwa bajeti finyu, Spark Go au Smart ya 4GB halisi na T606 au zaidi, MemFusion imezimwa, na ukubali kwamba ni ya miaka miwili. Kwa picha na gemu, Note au Camon iliyotangazwa kuwa na ahadi ya masasisho kwa maandishi; bila ahadi hiyo, weka pesa kidogo juu uchukue A16. Simu za chaji ya 10W zinachukua takriban saa tatu kujaza betri ya 5000 mAh, kwa hiyo kama nyumbani umeme unakatika mara kwa mara, toleo la 18W lina faida kuliko kamera ya tatu.